Zafarani haina mbegu: mzazi ajue anachonunua na anachopanda

Katika maduka ya viungo ya Kariakoo, iliki na mdalasini hukaa mbele, kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, kila mpita njia ainuse bure. Zafarani haikai huko. Ipo nyuma ya muuzaji, kwenye kabati la kioo au kwenye droo ya fedha, ndani ya kikopo kisichozidi kidole gumba. Mama aliyepanda daladala kutoka Buguruni na karatasi ya mahitaji ya biriani ya harusi lazima aulize.

"Kaka, zafarani unayo?"

"Ipo mama yangu. Ipo ya buku, ipo na orijino."

"Kwani hiyo ya buku siyo zafarani?"

"Zafarani pia mama. Daraja tu ndiyo tofauti."

Jibu hilo wanunuzi wengi wameshalisikia, na si la kweli. Pakiti ya buku iliyojaa mpaka inatuna haiwezi kuwa zafarani ya daraja la chini. Ni rangi ya chakula, au ni nyuzi za mmea mwingine zilizotiwa rangi. Mtu akinunua rangi ya biriani kwa bei ya rangi, hakuna aliyeibiwa. Tatizo huanza pale rangi inapopewa jina la zafarani, ikachanganywa kwenye maziwa ya mtoto au kikombe cha mjamzito, na mtu akaamini kuwa amekunywa ua.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Zafarani ni sehemu ndogo sana ya ua moja la zambarau. Kila ua lina nyuzi nyekundu tatu tu, na hizo tatu ndizo kiungo chenyewe. Ili kupata gramu moja iliyokauka huhitajika maua kama 150, yaani nyuzi 450 hivi. Kilo moja hutaka maua 150,000 na zaidi. Maua huchumwa asubuhi mapema kabla jua halijayafungua sana, kisha watu huketi kuyachambua moja baada ya jingine. Kwa sehemu kubwa hiyo bado ni kazi ya vidole. Nyuzi zikishakaushwa hubaki na kama moja ya tano ya uzito zilizokuwa nao mbichi. Baada ya kazi yote hiyo, hakuna mfanyabiashara atakayejaza pakiti kwa bei ya chapati mbili na chai.

Sehemu kubwa ya zafarani ya dunia hutoka Iran, hasa upande wa Khorasan. Nyingine hutoka Kashmir, karibu na mji wa Pampore, nyingine Afghanistan, Hispania, na Morocco kwenye milima ya Taliouine. Zote ni nchi zenye kipupwe cha kweli, na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wauza mbegu mitandaoni hawalisemi.

Ua la zafarani ni ua la vuli. Kwa mkazi wa Pwani, vuli ni zile mvua za Oktoba hadi Desemba, fupi, za kuja na kukatika, tofauti na masika ya Machi hadi Mei. Watafsiri wakaliazima neno hilohilo kutaja majira ya nchi za baridi ambapo majani hupukutika kabla ya baridi kali. Zafarani huchanua Oktoba na Novemba, kwa hiyo miezi ni ileile ambayo Buguruni inatafuta pa kukinga maji ya bati. Mmea hulala kiangazi chote ardhini ukiwa kiazi kidogo cha mviringo chenye ganda la nyuzinyuzi, ambacho watu wa mimea hukiita tunguu. Wakati mimea mingine ya huko inajiandaa kufa, wenyewe unatoa ua. Majani yake ni membamba kama nyasi, yana mstari mweupe katikati, nayo hutoka pamoja na ua au nyuma yake kidogo.

Sasa kuhusu mbegu. Zafarani haina mbegu. Mmea huu ni tasa. Ua huchanua, hunyauka, basi. Watu wameuzalisha kwa kugawa matunguu kwa karne nyingi, tunguu moja likizaa madogo pembeni yake. Kwa hiyo tangazo lolote la simu linalosema "mbegu za zafarani, panda nyumbani, vuna mamilioni" linauza kitu kingine. Mara nyingi huwa ni mbegu nyeupe ngumu za kartamu, mmea wa jamii moja na alizeti, wenye ua la rangi ya chungwa na miiba kwenye majani. Kartamu haina sumu na mafuta yake huliwa duniani kote. Ila aliyetoa akiba ya kikoba akitarajia zafarani atavuna miiba, na hatakuwa na wa kumdai.

Vipi kuhusu anayeleta matunguu halisi kutoka nje? Huyo angalau anauza kitu kilichopo, ila hayatachanua Buguruni. Zafarani huunda machipukizi ya maua ndani ya tunguu wakati wa joto la wastani, nyuzi 23 hadi 27. Baada ya hapo hutaka hali ishuke mpaka kama nyuzi 17 ndipo ua litoke. Dar es Salaam haina mshuko huo. Hata Julai, mwezi ambao watu hutoa masweta kabatini, mchana hukaribia nyuzi 29, na usiku huzunguka 18 au 20. Ikifika Oktoba, mwezi ambao ua lilipaswa kutoka, joto linapanda. Kisha vuli inamwaga maji juu ya tunguu ambalo kwa asili yake lilizoea kulala kwenye udongo mkavu. Likipata joto na maji pamoja, linaoza. Nchini India wapo wanaoikuza ndani ya vyumba vyenye viyoyozi, giza na joto vikipimwa kwa mashine. Tunguu moja hutoa ua moja hadi matatu, tuseme mawili. Gramu moja itataka matunguu kama 75 ndani ya chumba kinachopozwa usiku na mchana. Mwenye kulipia LUKU anajua hesabu hiyo inaishia wapi.

Kwa hiyo familia ya Buguruni hukutana na zafarani dukani, na dukani ndiko inakopaswa kuitambua.

Uzi wa kweli una rangi nyekundu iliyoiva, na umbo lake halilingani kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande mmoja ni mwembamba, wakati mwingine wa manjano hafifu. Upande wa pili umepanuka kama mdomo wa tarumbeta, na kingo zake zina meno madogo. Nyuzi za kartamu ni mirija midogo iliyogawanyika ncha, rangi ya chungwa, na hazina tarumbeta. Nywele za muhindi zilizotiwa rangi zinalingana unene mwanzo hadi mwisho. Ya unga haitambuliki kwa macho, na kwa sababu hiyo tu mzazi mwenye busara haigusi.

Jaribio la nyumbani halihitaji zaidi ya maji ya uvuguvugu kwenye glasi. Nyuzi tano zikitumbukizwa, za kweli hazina haraka. Dakika kumi, hata ishirini, maji huendelea kugeuka taratibu kuwa manjano ya dhahabu, na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu. Za bandia hutema rangi papo hapo, mara nyingi nyekundu au chungwa kali, kisha nyuzi hupauka. Ulimini zafarani ni chungu kidogo, ingawa harufu yake hukumbusha asali na majani makavu. Ikiwa tamu, imepakwa kitu. Jaribio hili halimaanishi kuwa nyuzi ni safi kwa asilimia mia, maana wapo wanaochanganya za kweli na za uongo kwenye kikopo kimoja, lakini huondoa utapeli mwingi wa mchana kweupe.

Zipo rangi zisizoruhusiwa kabisa kwenye chakula, kama zile za kundi la Sudan, ambazo zimewahi kukamatwa katika viungo sehemu mbalimbali za dunia. Nchini, usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, na huko ndiko malalamiko ya bidhaa ya namna hii yanakopelekwa. Mnunuzi atakuwa na nguvu zaidi akiwa na pakiti yenye jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Iliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti haina wa kuulizwa.

Kuna matumizi mawili ya zafarani ambayo kurasa za mapishi huyaruka, na majumbani ndiyo yenye uzito.

La kwanza ni kombe. Katika familia nyingi za Kiislamu za Pwani, mgonjwa, mtoto anayelia usiku au mama aliye karibu kujifungua huandikiwa aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani na maji ya waridi. Maandishi huoshwa kwa maji, na maji hunywewa. Wengi hukua wakijua wino ule ni zafarani kwa sababu unaitwa zafarani. Siku hizi mara nyingi ni rangi nyekundu ya chakula ya kwenye kikopo, yenye jina hilohilo. Imani ni ya mwenye imani, na hakuna haja ya ukurasa huu kumwingilia. Lakini kinywaji kinaingia tumboni mwa mtoto, hivyo mama ana haki ya kumuuliza shehe au mwalimu kwa adabu, "Shehe, wino huu umetengenezwa na nini?" na hata kwenda na nyuzi zake mwenyewe. Atakayeandika kwa moyo safi hatakataa.

La pili ni mjamzito. Ipo imani iliyosafiri kutoka Bara Hindi na kupata wateja wengi mitandaoni, kwamba mama akinywa maziwa ya zafarani mtoto huzaliwa mweupe. Rangi ya mtoto inatokana na kile alichorithi kwa baba na mama, na hakuna uzi unaoweza kukibadilisha. Nyuzi chache kwenye pilau au halua ya Oman hazina shida kwa mjamzito. Kiasi kikubwa ni jambo jingine; zafarani nyingi huweza kuchochea mji wa mimba kukaza, na gramu tano kwa siku tayari ni kiwango cha hatari kwa mtu yeyote. Kijiko cha chai cha nyuzi hakifiki gramu moja, kwa hiyo mpishi wa kawaida yuko mbali sana na hapo. Anayepaswa kuambiwa ni yule anayekunywa "dozi" kwa ushauri wa sauti iliyorekodiwa kwenye kundi la WhatsApp. Mhudumu wa kliniki ya wajawazito anafaa kuambiwa kila kitu cha asili ambacho mama anakunywa, hata kama mama mkwe ndiye aliyekileta.

Zafarani ina pacha wa uongo. Ulaya kuna ua liitwalo Colchicum, ambalo kwa Kiingereza watu hulipa jina linalofanana kabisa na la jamii ya zafarani, na lenyewe huchanua vuli, la zambarau, likitoka ardhini bila jani hata moja. Atakayelitazama juu juu atasema ni ndugu. Siri iko ndani ya ua. Zafarani ina vijiti vitatu vya chavua. Colchicum ina sita. Majani ya Colchicum hutoka majira mengine ya mwaka, mapana na ya kung'aa, na huko Ulaya kila baada ya muda mtu huyachuma akidhani ni kitunguu saumu cha porini, akapika supu, akafa. Sumu yake ni kolchisini, na kupika hakuiondoi.

Mkazi wa Buguruni atauliza, hayo ya Ulaya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ukoo huohuo una mtoto wake hapa Pwani. Ni mmea unaotambaa kwenye vichaka na nyua, majani yake yakimalizikia kwenye ncha iliyojikunja kama mkia wa kinyonga ili kushika uzio, na ua lake ni zuri kiasi kwamba Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Mwaka 1947 binti mfalme Elizabeth wa Uingereza, kabla hajawa malkia, alitunukiwa kipini cha almasi chenye umbo la ua hilo kutoka kwa watoto wa shule wa huko. Kisayansi ni Gloriosa superba. Kwa Kiswahili hutajwa kwa majina tofauti, mkalamu likiwa mojawapo. Petali zake sita hupindukia nyuma kama ndimi za moto, nyekundu na manjano, kingo zikiwa na mawimbi. Mvua zikianza huchipua. Kiangazi hufa juu na kubaki kiazi chini.

Kiazi hicho ndicho hatari. Ni kirefu kama kidole, mara nyingi kimepinda au kina pembe mbili, ganda la kahawia, ndani cheupe. Mtoto aliyezoea kuona mama akimenya viazi vitamu na mihogo hataona tofauti. Sri Lanka na India zimekuwa na visa vingi vya watu waliokila wakidhani ni kiazi kitamu. Mmea wote una kolchisini, kiazi kikiongoza.

Buguruni haina vichaka vingi. Lakini watu wake hutembelea mashamba ya ndugu Mkuranga, Kisarawe na Chanika, na wauza miche kando ya barabara huuza ua hili kwa uzuri wake. Mtu akinunua mche, akaupanda kwenye ndoo uani, katika nyumba ya vyumba sita yenye watoto wa familia nne, watoto hao watacheza baba na mama. Watapika kwenye makopo. Watachimba "viazi". Kwa nyumba ya namna hiyo ushauri ni mmoja: mkalamu usiwepo kabisa, hata juu ya ukuta. Ukikutwa unajiotea kwenye uzio, aung'oe mtu mzima aliyevaa mifuko ya plastiki mikononi, achimbe mpaka kiazi chote kitoke, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Kolchisini ipo pia ndani ya nyumba kwa sura nyingine. Ni dawa halali ya gauti, vidonge vidogo anavyoandikiwa babu mwenye kidole gumba cha mguu kilichovimba. Kipimo kinachomtibu babu kiko karibu sana na kipimo kinachoua, na kwa mtoto pengo hilo ni dogo zaidi. Vidonge vya babu havifai kukaa kwenye kikapu cha tasbihi na miwani karibu na godoro. Vifungiwe.

Mtoto akila kiazi au ua la aina hii, ugumu ni kwamba saa za mwanzo anaweza kuonekana mzima. Dalili huja baada ya saa mbili hadi kumi na mbili, pengine hata zaidi: kuungua mdomoni na kooni, kutapika, tumbo kukata, kuharisha sana. Mzazi akidhani ni kipindupindu au chakula kilicholala atakuwa na sababu, maana vinafanana. Kisha huja siku ya pili na ya tatu, wakati figo, moyo na uboho vinaposhambuliwa. Kwa hiyo kungoja "tuone kama atatapika" ni kupoteza muda ambao daktari angeweza kutumia kuzuia sumu isiingie mwilini. Mtoto apelekwe mara moja, kituo cha afya cha Buguruni au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana, na mmea wenyewe uende naye: ua, jani na kiazi ndani ya mfuko. Asitapishwe kwa vidole wala kwa maji ya chumvi. Maziwa, ambayo kila jirani atakuja nayo mbio kwenye bakuli, hayaondoi sumu hii. Kumwambia jirani hivyo ni vigumu, lakini inawezekana: "Ahsante mama, tutayabeba. Sasa hivi tunaita bodaboda."

Baada ya hayo yote, mzazi aliyetaka tu ua dogo linalotoka ardhini baada ya mvua, kwa furaha ya watoto, bado anaweza kulipata. Wauza miche wa Dar es Salaam wanalo, na wengi hawalijui jina zaidi ya ua la mvua. Ni Zephyranthes, lililotoka Amerika, na kwa mbali linafanana na zafarani kuliko ua lolote linaloweza kuishi Buguruni: kikombe kidogo chenye petali sita, majani kama nyasi, shina lisilozidi shubiri moja na nusu. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo la manjano. Atakayehesabu vijiti vya chavua ataona sita, na hapo mtoto wa darasa la nne atakuwa amejifunza kulitofautisha na zafarani bila kwenda Iran.

Kulipanda ni kazi ya nusu saa. Ndoo ya rangi iliyopasuka inafaa, mradi itobolewe matundu manne au matano chini. Mchanganyiko ni udongo sehemu mbili, mchanga sehemu moja na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Matunguu hufukiwa kwa kina cha vidole viwili, shingo ikichungulia, yakiachana kama upana wa vidole vitatu. Huhitaji jua la nusu siku. Kwenye uga uliobanwa na kuta, upande unaopata jua la asubuhi unatosha. Sahani ya kukinga maji chini ya ndoo isiwekwe. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hutaga kwenye maji ya aina hiyohiyo, ya kikombe kimoja.

Ujanja wake uko kwenye kiu. Likimwagiliwa kila siku hutoa majani tu, mengi na mazuri, bila ua. Likiachwa likauke wiki mbili tatu kisha likalowanishwa sana, au likapigwa na mvua ya kwanza ya vuli, ndani ya siku chache ndoo nzima huchanua kwa pamoja. Maua hudumu siku mbili au tatu, yakaisha, yakarudi mvua nyingine. Watoto wanaweza kuandika kwenye kalenda ya ukutani siku mvua iliponyesha na siku ua la kwanza lilipofunguka, kisha wakahesabu. Namba hiyo hubadilika kidogo kila mara, na ubishi wa kwa nini imebadilika unaweza kuchukua jioni nzima ya umeme kukatika.

Tahadhari moja ipo. Tunguu la ua la mvua linafanana na kitunguu kidogo, na lina sumu yake, tofauti na kolchisini na isiyo kali kama hiyo, lakini inatosha kumtapisha mtoto na kuku. Ndoo isikae karibu na ile ya vitunguu vya majani, wala matunguu ya akiba yasihifadhiwe jikoni. Yakibanana sana, baada ya miaka miwili au mitatu, humwagwa wakati wa kiangazi, hutenganishwa kwa mkono, makubwa hurudishwa kwenye ndoo na madogo hupewa jirani, pamoja na maelezo kwamba hayaliwi.